Kagua Kabla Haijafunikwa: Mwongozo kwa Anayejenga Gesti au Mgahawa Masasi na Newala

Msimu wa korosho ukifunguliwa, gesti za Masasi na Newala hujaa. Wanunuzi wanafuata minada, madereva wa malori wanasubiri zamu ghalani, watu wa benki na wa vyama vya ushirika wanazunguka vijijini. Chumba kilichokuwa kinatafuta mgeni mwezi wa Julai, mwezi wa Novemba kinagombewa. Ndiyo maana kila mwaka fedha ya korosho inazaa gesti mpya, loji mpya au mgahawa mpya kando ya barabara, kuanzia Masasi mjini na Lulindi hadi Newala kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde.

Shida huanza mwaka wa pili. Mlango wa chumba namba tatu haufungi mpaka uunyanyue. Bafu linatuamisha maji. Soketi imelegea ukutani na inatoa cheche. Dari ina madoa ya uvujaji. Mgeni hasemi kitu: analipa, anaondoka, na msimu unaofuata analala kwa jirani yako.

Kasoro hizi hazikuzaliwa siku ya kupaka rangi. Nyingi zilizaliwa muda mfupi kabla ya kitu fulani kufunikwa: nondo kabla ya zege, bomba kabla ya jamvi, waya kabla ya plasta, mbao kabla ya dari. Kazi mbaya ikishafunikwa haionekani, na kuirekebisha ni kubomoa. Wewe unayeuza korosho unaijua kanuni ya kuzuia hasara hii. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, mzigo wako hauendi mnadani kabla ya kupimwa ubora na kupangiwa daraja. Mpe fundi masharti hayo hayo: kazi ipimwe kwanza, malipo yafuate.

Anza na kisima cha maji

Fedha ya korosho huingia kati ya Oktoba na Januari, na mvua nazo huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili. Mwenye haraka huchimba msingi huku mvua inanyesha, kuta za shimo zinaporomoka na zege linamwagwa kwenye tope. Mwenye subira hungoja kiangazi, kisha anakuta maji ya kujengea ni ya kununua kwa pipa.

Juu ya uwanda wa Makonde uhaba huu wa maji huharibu majengo mengi. Ardhi ni ya kichanga, maji yanazama chini na chemchemi ziko mabondeni. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950 kwa kusukuma maji kutoka chini kuyapandisha juu, na bado kaya nyingi za Newala zinategemea visima vya saruji vinavyovuna mvua ya paa. Maji yakiwa ghali, fundi anabana matumizi pale ambapo huoni: anaacha kumwagilia zege na tofali. Zege hukomaa kwa maji, si kwa jua. Likiachwa likauke siku ya pili, linabaki na nguvu ndogo, linapasuka nyufa nyembamba na sakafu yake inatoa vumbi miaka yote.

Kwa hiyo gawa ujenzi katika misimu miwili. Msimu wa kwanza shughulikia ramani na kibali, jenga stoo ndogo yenye bati na gata, na chimba kisima cha kuvunia maji. Mvua zijaze kisima. Mei hadi Oktoba jenga gesti yenyewe ukiwa na maji yako kiwanjani.

Kisima hicho utakitumia hata baada ya kufungua biashara, hivyo kipigie hesabu mapema. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 150, mvua ya mwaka ikiwa milimita 900, hupokea lita 135,000. Toa moja ya tano inayopotea njiani, zinabaki lita 108,000. Gesti ya vyumba 10 ikijaa, kila mgeni akitumia lita 50, inahitaji lita 500 kwa siku, yaani lita 182,500 kwa mwaka. Paa peke yake linabeba karibu asilimia 60 ya hitaji hilo, na gesti haijai kila siku. Kisima cha lita 50,000 kikiwa kimejaa mwishoni mwa Aprili kinakupa siku 100 za wageni kumi. Yanayopungua utayapata kwenye bomba au boza. Shimo la maji taka likae upande wa chini wa kisima, na umbali wa mita 30 ni salama.

Kibali kinakulinda wewe

Kiwanja chako kiko chini ya mojawapo ya halmashauri: ya Mji Masasi, ya Wilaya ya Masasi, ya Mji Newala au ya Wilaya ya Newala. Chukua kibali cha ujenzi huko kabla ya kuchimba. Ramani ya nyumba ya wageni ipitie pia kwa afisa afya na kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ni rahisi kusogeza mlango wa dharura kwenye karatasi kuliko kwenye ukuta.

Ukitaka ghorofa, hata moja, tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Usijenge msingi wa nyumba ya chini kisha ukapandisha ghorofa korosho zikikubali. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jingine likaanguka Kariakoo. Ukubwa wa majengo hayo haulingani na wako, lakini msingi haubebi uzito ambao haukupigiwa hesabu, uwe wa ghorofa 16 au wa moja.

Mchague fundi kwa kazi yake ya zamani

Usiangalie nyumba aliyomaliza mwezi uliopita, kwa kuwa kila nyumba mpya inapendeza. Omba akupeleke kwenye jengo lililopitiwa na masika mawili. Fungua milango, mwaga maji bafuni, angalia pembe za madirisha kama zina nyufa za mshazari, tazama dari chini ya maungio ya paa. Kisha muulize mwenye nyumba, fundi akiwa mbali, kama aliitwa kurekebisha na kama alikuja.

Eneo hili halikosi mafundi. Ndanda, walikofika Wabenediktini mwaka 1906, karakana za misheni zimefundisha uashi na useremala kwa vizazi, na VETA Mtwara hutoa mafundi wenye vyeti. Jihadhari na fundi anayejua yote. Mwashi hodari anaweza kuwa fundi bomba dhaifu, na mgeni atamkumbuka fundi bomba. Kazi ya umeme mpe mwenye leseni ya EWURA peke yake.

Vifaa: vipime kwa mkono wako

*Saruji.* Tangu kiwanda cha Dangote kilipofunguliwa Mtwara mwaka 2015, saruji haitoki mbali tena. Hilo halizuii mfuko kuzeeka dukani. Soma tarehe, ukipita miezi mitatu, uache. Bonyeza kona za mfuko, zikiwa na mabonge magumu urudishe. Saruji ya daraja 42.5 itumike kwenye zege la nguzo na lenta, ya 32.5 kwenye kujengea na plasta. Ipange juu ya mbao, mbali na ukuta.

*Mchanga.* Udongo mwekundu wa uwandani unafanana na mchanga, nao una vumbi na mfinyanzi vinavyoua saruji. Jaza mchanga nusu ya chupa angavu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha saa tatu. Tabaka la tope juu ya mchanga likizidi sehemu moja kwa kumi ya kina cha mchanga, lirudishe lori. Mchanga wa mtoni una gharama ya usafiri, lakini plasta inayobanduka ina gharama zaidi.

*Tofali.* Ukisikia mfuko mmoja unatoa tofali 40 au 50 za inchi 6, unauziwa mchanga uliopakwa rangi ya saruji. Simamia ufyatuaji, hesabu mifuko na tofali. Zimwagiliwe kwa siku 7 chini ya kivuli au maturubai. Kisha chukua tofali yoyote, iangushe kutoka usawa wa kifua juu ya udongo: ikivunjika vipande, kundi hilo halifai. Ikwaruze kwa msumari: ukichimbika mfereji, halikadhalika. Tofali za kuchoma za Masasi ni nzuri zikiwa zimeiva, na zilizoiva hulia zikigonganishwa.

*Mbao.* Ukanda wa kusini una mninga na mkongo, mbao za sifa. Lakini mninga mbichi utapinda kama mbao nyingine. Nunua mbao za milango mwanzoni mwa ujenzi, zipange kivulini kwa vipande vya kutenganisha, na zikae miezi kadhaa. Milango mingi isiyofunga ilitengenezwa wiki ambayo mbao zilishushwa.

Vituo vitano vya kukagua

Mwambie fundi tangu siku ya kwanza: kuna vituo vitano ambapo kazi inasimama mpaka uangalie. Kila kituo piga picha ukiwa umeweka futi ya kupimia ndani ya picha. Picha hizo zitakuonyesha baadaye bomba na waya vimepita wapi, siku unapotaka kutoboa ukuta.

*Kituo cha kwanza: mtaro wa msingi na jamvi.* Viwanja vingi vilikuwa mashamba ya mikorosho. Visiki na mizizi ing'olewe yote. Ikibaki chini ya jamvi itaoza, sakafu itashuka na mchwa watapata njia. Shimo lifike udongo mgumu usiochimbika kwa urahisi, na chini yake pawe tambarare. Udongo wa kujazia ushindiliwe tabaka kwa tabaka, kila moja lisizidi sentimita 15. Nyunyiza dawa ya mchwa kabla ya karatasi ya nailoni na zege. Mabomba yanayopita chini ya jamvi yawe yamewekwa na kujaribiwa. Jamvi liwe juu ya ardhi ya nje kwa sentimita 30 au zaidi, maana mvua ya Januari haibishi hodi.

*Kituo cha pili: nondo za lenta kabla ya zege.* Hesabu nondo: kwa nyumba ya chini mafundi hutumia nne za milimita 12, ringi zikiwa kila sentimita 20. Kwenye pembe nondo zipinde na kuingiliana, zisiishie hapo. Zisilale juu ya tofali wala kugusa mbao za pembeni. Ziinuliwe kwa vipande vya zege vya sentimita 2.5. Zege la moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji, mchanga na kokoto, lipimwe kwa boksi. Boksi la sentimita 30 kwa 30 kwa 40 lina lita 36, karibu sawa na mfuko mmoja wa saruji. Toroli halipimi kitu, kwani kila mtu analijaza kwa nguvu alizonazo. Maji kwa mfuko yasipite lita 30, hata fundi akilalamika kwamba zege ni zito kumwaga. Baada ya hapo, maji asubuhi na jioni kwa siku 7.

*Kituo cha tatu: paa kabla ya dari.* Panda ngazi mwenyewe. Kenchi zifungwe kwenye lenta kwa waya au nondo zilizoachwa wakati wa zege, si kwa misumari peke yake. Upepo huanza kuinua bati pembeni. Uliza geji ya bati: namba ndogo ndiyo bati nene, na geji 28 hudumu kuliko 30. Kisha tazama jambo ambalo gesti nyingi zimelikosa: kuta za kati ya vyumba zipande mpaka kwenye bati. Zikiishia usawa wa dari, mgeni wa chumba namba nne anasikia mazungumzo yote ya namba tano, mwizi anapita juu ya dari, na moto ukiwaka chumba kimoja unasambaa juu kwa juu.

*Kituo cha nne: mabomba na nyaya kabla ya plasta.* Mabomba yajazwe maji kwa shinikizo na yalale usiku kucha. Asubuhi kila kiungo kiwe kikavu. Kwenye umeme, taa zitumie waya wa milimita 1.5 za mraba na soketi 2.5. Shawa ya umeme iwe na waya wake wa milimita 4 au 6, na swichi yake ya kukata. Kuiunganisha kwenye waya wa taa ni kumtegea mgeni shoti akiwa amelowa. Waya wa ethi ufike kila soketi na kila shawa. Mchanga mkavu wa uwandani haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo fito ya ethi izame kwenye udongo wenye unyevu na ipimwe kwa mita. Dai pia kifaa kinachokata umeme papo hapo unapovuja.

*Kituo cha tano: bafu kabla ya vigae.* Sakafu ya bafu iwe chini ya sakafu ya chumba kwa sentimita 2 au 3. Mteremko kuelekea kwenye tundu la maji uwe sentimita 2 kwa kila mita, upimwe kwa pima maji. Ziba tundu, jaza maji sakafuni, acha saa 24, kisha angalia ukuta wa upande wa pili kama umelowa. Bomba la maji taka liwe na kiwiko kinachobakiza maji ndani yake. Bila hicho, harufu ya karo itaingia chumbani hata upige deki mara ngapi. Chagua vigae visivyoteleza. Vikishakauka, vigonge kimoja kimoja kwa sarafu: kinachotoa sauti ya utupu kitang'oka.

Ndani ya kituo hiki angalia na mnara wa tanki. Tanki la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5. Mnara wa mbao au wa tofali zilizopangwa bila nondo haubebi mzigo huo. Kitako cha tanki kiwe angalau mita 3 au 4 juu ya shawa, vinginevyo maji yatadondoka.

Jiko la mgahawa

Mgahawa unaharibikia jikoni kwanza. Kuta zipigwe vigae au plasta laini ya saruji inayooshwa, kufikia usawa wa kichwa cha mtu. Sakafu iwe na mteremko na tundu lake. Maji ya kuoshea vyombo yapite kwenye chemba ndogo ya kukamatia mafuta kabla ya kwenda karoni. Mafuta ya chipsi yakiganda kwenye bomba, huzibui kwa mti bali kwa sululu. Jiko la kuni au mkaa liwe na dohani inayopita juu ya paa, si tundu la dirishani linalorudisha moshi kwa wateja. Mtungi wa gesi ukae nje, kwenye kijumba chenye hewa. Acha mahali pa mteja kunawa mikono kabla hajafika mezani.

Lipa kwa vituo

Andikeni mkataba, hata wa kurasa mbili, mbele ya mtendaji wa mtaa au kijiji. Orodhesha kazi, vipimo, muda na vituo vitano. Malipo yanaweza kugawanywa hivi: asilimia 10 ya kuanzia, 20 jamvi likikubaliwa, 20 baada ya lenta, 20 baada ya paa, 20 baada ya mabomba, umeme, plasta na vigae. Asilimia 10 ya mwisho ibaki kwako mpaka masika moja yapite.

Fundi mzuri hatakataa, ila mtendee haki. Ukichelewesha saruji, yeye na vibarua wake wanakula nini? Ukimlazimisha amalize wiki mbili kabla ya mnada wa kwanza, atafunika mambo, na kosa litakuwa la wote wawili. Kazi ikikubaliwa kituoni, lipa siku hiyo hiyo. Fundi anayelipwa kwa wakati hana sababu ya kuuza mfuko wako usiku.

Ukaguzi wa mwisho

Kabla ya kupokea mgeni wa kwanza, waalike ndugu na jamaa mlale katika vyumba vyote usiku mmoja. Kisha pitieni orodha hii:

1. Fungueni shawa zote kwa pamoja. Je, chumba cha mwisho kinapata maji?
2. Mwageni ndoo ya maji kila bafu. Baada ya dakika chache, pasibaki dimbwi.
3. Kila mlango ufungwe kwa kidole kimoja, na komeo liingie bila kusukumwa na bega.
4. Washeni taa, feni na shawa za umeme zote. Gusa soketi na swichi: yenye joto ina kasoro.
5. Zungumzeni sauti ya kawaida. Je, jirani anasikia maneno?
6. Kila dirisha liwe na wavu wa mbu usio na tundu. Kwenye kila chumba, gril moja ifunguke kutoka ndani, ili moto usimfungie mgeni.
7. Zimeni umeme. Mtu asiyeijua nyumba aweze kufika nje gizani.
8. Chungulieni kila chemba ya maji taka: maji yapite bila kusimama.

Andika kila kasoro na jina la chumba chake, mpe fundi nakala, mpe na tarehe. Desemba mvua zikianza, pita tena juu ya dari na tochi, na Machi rudia. Mei ikifika bila uvujaji wala ufa mpya, mlipe asilimia 10 yake yote. Na akija mtu mwingine kukuuliza fundi, mpeleke akakague vyumba vyako.